Usiku wa Ndolezi: Picha Iwe ya Nani?

Ipo aina ya safari ambayo imepata wapenzi wengi katika nchi za nje. Watu sita, wanane au kumi huchangia gharama, hukodi gari na kiongozi, kisha huenda kwenye magofu, makaburi au mawe ya kale yaliyo mbali na miji. Hawaendi mchana. Hufika jua linapotua, hutega kamera zao juu ya stendi za miguu mitatu, na kukesha hapo wakipiga picha za kumbukumbu hizo chini ya anga la nyota. Alfajiri hufunga mizigo yao wakaondoka.

Wanachokifuata watu hao ni vitu viwili: ukale na giza. Ukale wanao hata kwao. Giza ndilo walilolipoteza. Taa za miji yao zimeiangaza mbingu kiasi kwamba mtoto azaliwaye humo aweza kuwa mtu mzima, akaoa na kuzaa, pasipo kuiona hata mara moja Njia Nyeupe ikikatiza angani. Ndiyo sababu wenye fedha zao hupanda ndege kutafuta mahali ambapo usiku bado ni usiku. Nchini Namibia, hifadhi ya NamibRand ilitambuliwa kimataifa mwaka 2012 kuwa hifadhi ya anga la giza, na tangu hapo kitu ambacho wengi wangekiita upungufu wa umeme kimehesabiwa kuwa kivutio.

Mkoa wa Songwe unazo mali hizo zote mbili. Unacho Kimondo cha Mbozi, unayo Ivuna yenye historia ya chumvi na ya mbingu, na mara mtu apitapo mwisho wa taa za Tunduma, Vwawa na Mlowo, unalo giza la kutosha. Kwa hiyo swali si kama safari za namna hii zitafika Songwe. Swali ni nani atakayezianzisha, nani atakayejiunga nazo, na picha zitakazopigwa huko zitakuwa za nani. Jibu linalofaa ni kwamba wa kwanza wawe walimu na watumishi wa umma wa mkoa huo wenyewe, nao waanze sasa.

KIMONDO KILICHOBAKI, KIJIWE KILICHOONDOKA

Kimondo cha Mbozi kipo kwenye mteremko wa kilima cha Marengi, katika kijiji cha Ndolezi, mbali kidogo na barabara kuu itokayo Mbeya kwenda Tunduma. Ni bonge la chuma lenye urefu wa takriban mita 3. Uzito wake hukadiriwa kuwa tani 12, ingawa yapo makadirio yanayofika tani 16. Asilimia 90 hivi ya bonge hilo ni chuma na karibu asilimia 9 ni nikeli. Ni kimoja kati ya vimondo vikubwa vichache kabisa vinavyojulikana duniani.

Vitabu vya wageni huanza habari zake mwaka 1930, mpima ardhi aitwaye W. H. Nott alipokiona na kutoa taarifa. Walakini wenyeji walikuwa wakikijua kabla yake. Hakuna masimulizi ya wazee yanayoeleza siku kilipoanguka, wala shimo la kishindo chake halionekani. Hizo ni dalili kwamba kilianguka zamani mno, kabla ya kumbukumbu za vizazi vinavyohesabika. Kilipokutwa, sehemu yake kubwa ilikuwa imefukiwa. Udongo ulichimbwa pembeni, kimondo kikaachwa juu ya nguzo ya ardhi, na baadaye msingi wa saruji ukajengwa chini yake. Ubavuni mwake ipo alama ya msumeno, mahali ambapo kipande kilikatwa katika enzi ya ukoloni kwa ajili ya uchunguzi.

Mwaka 1967 Serikali ilikitangaza kimondo hicho kuwa kumbukumbu inayolindwa na sheria. Leo kinasimamiwa na Mamlaka ya Hifadhi ya Eneo la Ngorongoro. Kila tarehe 30 Juni, ambayo Umoja wa Mataifa uliipitisha mwaka 2016 kuwa siku ya kimataifa ya asteroidi, macho ya Mkoa wa Songwe huelekezwa Ndolezi. Kwa ufupi, jambo lililo kubwa limekwishafanyika: kimondo kipo, kinajulikana, na kina mlinzi.

Lakini mkoa huo huo una kisa cha pili ambacho hakizungumzwi sana. Tarehe 16 Desemba 1938 kimondo kingine kilianguka Ivuna, katika bonde la Ziwa Rukwa, eneo ambalo leo ni la Wilaya ya Momba. Hicho hakikuwa bonge la tani. Vipande vilivyookotwa vyote pamoja vilikuwa na uzito wa gramu 705 hivi, mzigo ambao mtoto wa darasa la kwanza angeubeba mkononi. Tena hakikuwa cha chuma, bali cha udongo mweusi laini, wenye kaboni na dalili za maji ya kale. Katika aina yake, vimondo vilivyoonekana vikianguka duniani kote ni vitano tu. Wataalamu waliipa aina hiyo alama ya herufi mbili, C na I, na hiyo I ni Ivuna.

Kijiwe hicho kiliondoka. Vipande vyake vimetawanyika katika makumbusho na maabara za nchi za nje. Kimoja kikubwa kilinunuliwa mwaka 2008 na Makumbusho ya Historia ya Asili ya London kutoka kwa mkusanyaji wa Marekani. Mwezi Desemba 2020 chombo cha Japani, Hayabusa2, kilirudisha duniani gramu zipatazo tano za mchanga kutoka katika sayari ndogo iitwayo Ryugu. Wataalamu walipoupima mchanga huo walikuta kwamba kitu kinachofanana nao zaidi hapa duniani ni vimondo vya aina ya Ivuna. Basi jina la kijiji cha Momba likawa neno la kila siku katika maabara za Tokyo na Ulaya. Je, ni wanafunzi wangapi wa Momba waliopata kuambiwa habari hizo darasani?

Katika visa hivyo viwili limo funzo. Kimondo cha Mbozi hakikubaki Mbozi kwa sababu watu wa mwaka 1930 walikuwa waangalifu kuliko wale wa mwaka 1938. Kilibaki kwa sababu kilikuwa kizito. Kilichoweza kukatwa kilikatwa, na kilichoweza kubebwa kilibebwa. Sasa fikra za wasomaji na zielekezwe kwenye picha. Picha haina tani 12. Ile iliyopigwa Ndolezi saa sita za usiku yaweza kufika Berlin au New York kabla jogoo hajawika Ndolezi. Ikifika huko bila nakala yake kubaki, na bila maelezo yaliyoandikwa na mtu aijuaye nchi, itakuwa imekwenda njia ile ile ya Ivuna.

MWANGA WA UBAVUNI

Wapo watakaouliza: picha za mchana zipo nyingi, kuna haja gani ya kukesha? Jibu la swali hilo ndilo linaloitofautisha kazi hii na starehe.

Jua la adhuhuri hupiga kutoka juu na kufuta vivuli. Jiwe lenye mikwaruzo elfu huonekana kama jiwe laini. Lakini usiku, mtu mmoja akisimama pembeni na tochi na kuuelekeza mwanga wake ubavuni mwa jiwe, ukipita juu ya uso wake kama unavyopita mkono, kila shimo hutoa kivuli na kila mkato hujitokeza. Watafiti wa mambo ya kale hutumia njia hiyo kusoma maandishi yaliyofifia katika makaburi na kuona nakshi ambazo macho ya mchana huzipita. Kwa Kimondo cha Mbozi, mwanga wa namna hiyo huonyesha vibonyeo vilivyo kama alama za vidole katika donge la unga, ambavyo hutokana na kuyeyuka kwa uso wa chuma kinapopita hewani kwa kasi. Huonyesha pia alama ya msumeno, na kila mkwaruzo ulioongezwa na mikono ya wageni.

Hapo ndipo picha inapokuwa ushahidi. Ikipigwa mahali pale pale, kwa pembe ile ile, kila mwaka, na kuandikwa tarehe, itajulikana bila ubishi kama kipande kimebanduliwa au kutu imeenea. Jambo hili si la kubuni. Kimondo cha Hoba huko Namibia, chenye tani zaidi ya 60 na kilicho kikubwa kuliko vyote duniani, kilibanduliwa vipande na wageni waliotaka ukumbusho, hata baada ya kutangazwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1955. Chuma kigumu kama hicho hakikupona. Magofu ya mawe ya matumbawe na chokaa huko pwani, au michoro ya miambani ya Kondoa, itaponaje pasipo kumbukumbu ya picha ya hali yake ya leo? Mlinzi mmoja hawezi kukumbuka kila ufa. Picha yaweza.

Kazi yenyewe haihitaji uchawi wala shahada. Kamera huwekwa juu ya stendi ili isitikisike, na jicho lake huachwa wazi kwa sekunde 15 hadi 25. Likiachwa zaidi ya hapo, nyota huanza kuvutika na kuwa vistari, kwa sababu dunia inazunguka. Mwenye kutaka vistari hivyo hupiga picha nyingi mfululizo kwa saa nzima au zaidi na kuziunganisha. Akielekeza kamera kusini, nyota zitachora miduara kuizunguka ncha ya kusini ya mbingu, ambayo kwa mtu aliye Mbozi iko nyuzi tisa hivi tu juu ya upeo wa macho. Mwalimu wa jiografia aliyekuwa akihangaika kueleza latitudo ubaoni atakuwa na somo zima katika picha moja: urefu wa ncha ya mbingu juu ya upeo ndiyo latitudo ya mahali uliposimama.

Majira nayo yana sheria zake. Masika hayafai, kwa kuwa mawingu hutanda. Kuanzia Agosti hadi mvua zinapokaribia, moshi wa kuchoma mashamba na mapori huitia mbingu ukungu. Usiku bora ni wa Juni na Julai, katika siku za giza la mwezi. Mwezi Julai, kati ya saa nne na saa saba usiku, kundi la Nge na moyo wa Njia Nyeupe huwa karibu na utosi. Kuanzia saa tisa au saa kumi usiku Kilimia huchomoza mashariki, ile ile ambayo wazee waliitumia kama kalenda ya shamba, wakasema kwamba kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Usiku wa Mbozi wakati huo una baridi kali na umande hufunika lenzi. Asiye na koti zito na kitambaa kikavu atarudi na picha za ukungu. Tena macho ya mwanadamu huhitaji karibu nusu saa kulizoea giza, na tochi moja nyeupe ikiwashwa ovyo huharibu macho ya wote na picha za wote. Ndiyo maana hutumika taa nyekundu hafifu, na ndiyo maana kundi lazima liwe dogo.

JE, HII NI ANASA?

Zipo hoja tatu zinazostahili kujibiwa kwa uaminifu.

Hoja ya kwanza ni kwamba hii ni anasa. Wapo watoto wanaokaa wanne katika dawati moja. Itakuwaje mwalimu wao aende kupiga picha za nyota? Hoja hiyo ina uzito, wala haifai kubezwa. Lakini na ipimwe vizuri. Kikundi cha watu wanane kutoka Tunduma, wakikodi gari moja dogo, wakabeba mablanketi yao na kununua chakula chao Ndolezi, hakitumii fedha za dawati la mtu. Simu nyingi za kisasa zina uwezo wa kupiga picha za usiku zikiwekwa juu ya kitu kisichotikisika. Kamera moja nzuri yaweza kutumiwa na kikundi kizima. Na kama ni suala la matumizi, upo mfano ulio karibu zaidi. Yupo mtumishi ambaye kila mwaka hufika Vwawa au Mbeya kwa semina, akalala siku tatu, akasaini posho yake na kurudi kituoni kwake, akiwa amepita njia panda ya kwenda kwenye kimondo mara sita bila kushuka. Mtumishi huyo haoni anasa katika safari zake. Anasa ni kitu kitumikacho kikaisha na kisiache kitu. Safari inayoacha picha ukutani mwa darasa, na ushahidi katika jalada la mhifadhi, haiwezi kuitwa hivyo.

Hoja ya pili ni ya usalama na mila. Kundi la watu wenye tochi, wanaozunguka kitu cha kale usiku wa manane, katika sehemu nyingi za Tanzania halitachukuliwa kuwa la wapiga picha. Litadhaniwa ni la wachawi, au la wale wanaochimbachimba usiku wakitafuta fedha zinazosemekana kufichwa na Wajerumani. Hofu hiyo ina sababu, kwa maana wachimbaji wa namna hiyo wapo, nao wameharibu mahali pengi pa historia kwa tamaa ya kitu ambacho hawakukipata. Dawa yake ni uwazi. Barua ipelekwe kwa msimamizi wa kituo na kibali kipatikane. Mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wa kitongoji wajulishwe majina na tarehe. Mlinzi wa mahali na mzee mmoja au wawili wa kijiji wakae na wageni. Mzee akiwapo, usiku wa picha waweza kugeuka kuwa usiku wa masimulizi, nayo masimulizi yakiandikwa yana thamani kuliko picha kumi. Kundi lisilotaka kujulishwa kwa kijiji halina sababu ya kuwapo hapo.

Hoja ya tatu ni ya wanafunzi. Haifai kuwakesheza watoto barabarani na porini kwa jina la elimu. Safari hizi na zianze na watu wazima. Wanafunzi waletwe alasiri, waone kimondo kwa mwanga wa mchana, wasubiri nyota za kwanza, kisha warudi mapema wakiwa na walimu wao na kwa idhini ya wazazi. Mwalimu aliyekesha mwaka huu atakuwa na cha kuwafundisha mwaka mzima ujao.

TUNDUMA IANZE

Kikundi cha kwanza chaweza kutoka wapi? Mahali panapofaa ni Tunduma. Mji huo haulali. Ni mlango wa Tanzania kuelekea Zambia na Kongo. Barabara kuu na reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, hupitia hapo, na tangu mwaka 2019 watumishi wa nchi mbili hufanya kazi pamoja katika kituo cha mpakani cha Tunduma na Nakonde. Usiku malori hupanga mistari, taa zake zikiwaka, na maduka huwa wazi. Mtoto wa Tunduma aanza kufanana na mtoto wa miji ile ya ng'ambo: yupo katika mkoa wenye mbingu safi, lakini juu ya paa lao nyota zinapungua. Walimu wa shule za mji huo, watumishi wa forodha na uhamiaji, wauguzi na makarani, wanayo haja ya usiku wa giza kuliko wengi. Ndolezi iko umbali ambao mtu aweza kuondoka baada ya kazi siku ya Ijumaa na kufika jua likiwa bado halijatua.

Na kikundi hicho kikishazoea Ndolezi, kisisahau Ivuna. Katika miaka ya 1960 watafiti wa mambo ya kale walichimba karibu na chemchemi za chumvi za huko, wakakuta mabaki ya kazi ya kutengeneza chumvi iliyofanywa na wenyeji mamia ya miaka iliyopita. Chumvi hiyo ni ushahidi kwamba bonde la Rukwa lilikuwa na viwanda na biashara kabla mgeni yeyote hajachora ramani yake. Ni mbali, njia yake si rahisi, na hakuna bonge la chuma la kupigia picha. Kilichopo ni ardhi ambayo juu yake, siku moja ya mwaka 1938, mbingu ilidondosha udongo wake wa kale kuliko dunia yenyewe. Picha ya nyota juu ya ardhi hiyo, yenye maelezo sahihi, ikitundikwa katika kila shule ya Momba, itarudisha nyumbani angalau jina la kitu kilichochukuliwa.

Ili kazi hiyo iwe na faida, masharti manne yanatosha, nayo yamhusu mwenyeji na mgeni bila ubaguzi.

Kwanza, kundi lisizidi watu kumi. Miguu mingi huharibu ardhi, na taa nyingi huharibu kazi.

Pili, kijiji kinufaike. Chakula, kuni, ulinzi na uongozi vinunuliwe kwa watu wa hapo, kwa bei iliyokubaliwa mchana mbele ya uongozi wa kijiji. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni anayekuja na kila kitu chake ndani ya gari, akalipa kila kitu kwa kampuni iliyo mjini, hamponyi mtu.

Tatu, jiwe lisiguswe. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, yakataza kuharibu na kuondoa vitu vya kale, lakini lipo pia lile dogo ambalo mpiga picha huliona si kosa: kusimama juu ya kimondo, kukichorea chaki, kumwagia maji michoro ya miambani ili rangi ing'ae. Maji hayo huichosha rangi iliyodumu karne nyingi. Picha nzuri iliyopatikana kwa njia hiyo ni sawa na ng'ombe aliyechinjwa kwa sababu ya kikombe kimoja cha maziwa.

Nne, na hili ndilo la msingi, nakala ibaki. Kila picha iliyopigwa kwa kibali iachiwe nakala katika kituo cha Ndolezi na nyingine katika maktaba ya shule iliyo karibu, ikiwa na tarehe, saa, mahali kamera iliposimama na maelezo ya Kiswahili. Mpiga picha abaki na haki yake ya kuiuza na kuionyesha. Hakuna anayemnyang'anya jasho lake. Lakini asiondoke na nakala pekee. Sharti hilo moja, lingekuwapo mwaka 1938 kwa vile vijiwe vya Ivuna, historia ya sayansi katika mkoa huo ingekuwa nyingine.

Masharti haya hayana chuki kwa wageni. Mgeni apendaye anga la Songwe na akaribishwe kwa moyo mkunjufu, kwa kuwa fedha zake zinahitajiwa na ujuzi wake waweza kufundisha. Lakini atakapofika akakuta tayari wapo walimu wa Mbozi na watumishi wa Tunduma wanaojua saa ambayo Nge hufika utosini, wanaojua pembe ambayo alama ya msumeno huonekana vizuri, na wenye majalada ya picha za miaka mitano, atajifunza kutoka kwao, na maelezo atakayoandika chini ya picha yake yatakuwa ya kweli. Akikuta mlinzi peke yake akisinzia kandokando ya moto, ataandika atakavyo.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ndogo. Mwalimu mmoja achukue daftari na kuorodhesha majina manane. Aitazame kalenda, atafute Ijumaa ya Juni au Julai iliyo karibu na mwezi mwandamo. Aandike barua kwa msimamizi wa kituo na nakala kwa mtendaji wa kijiji. Kisha amwombe mwenye kamera aisafishe lenzi yake, na kila mmoja alete blanketi.